Mtamba Hatoki kwa Shilingi ya Nyundo

Nakumbuka siku ile mvua ya mawe ilipopukutisha chai yote ya Kimulot, nyapara akaturudisha nyumbani na vikapu vitupu. Nilikuwa msichana, mwanangu, meno yote kinywani na miguu haikanyagi chini. Njiani nikakutana na Kiprono, kijana wa mashine kule kiwandani. Akanifungulia ngumi yake. Ndani mlikuwa na shilingi ambayo sijapata kuona: imerefuka kama jani, na mistari mistari juu yake kama paji la mzee.

“Hii ilitoka hivyo hivyo kwa serikali,” akasema. “Ziko chache dunia nzima. Niletee kile kibuyu cha bibi yako, tubadilishane.”

Bibi kwetu tunamwita kogo. Kibuyu chenyewe kogo alikivisha shanga kwa mkono wake, na watoto wake wote walikua kwa maziwa yaliyolala humo. Akaniachia shilingi mkononi, nami nikakimbia kukichukua! Kogo akanidaka mlangoni na kibuyu kwapani.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alinikokota mpaka zizini akanishikisha masikio ya ng’ombe. Ndama mmoja alikuwa amezaliwa na sikio la kujikunja. Mama yake alikatwa sikio kwa kisu, alama ya ukoo wetu.

“Papasa,” akasema. “Huyu mdogo, nywele zinafuata mkunjo mpaka ukingoni. Huyu mkubwa?”

“Kuna kovu, kogo.”

“Basi. Mungu hazalishi kovu.” Akaninyang’anya ile shilingi. “Na hii? Mistari imepita juu ya kichwa cha Rais ikampasua pua. Kwa hivyo kichwa kilikuwa hapo kwanza, mistari ikaja baadaye. Hii haikuzaliwa hivi. Hii imetafunwa na meno ya mashine ya chai, na wewe unataka kutafunwa nayo.”

Halafu akatoa kikopo chake cha ugoro. Ndani alikuwa na senti kumi ya zamani, zile za Mwingereza zenye tobo katikati. Lakini hiyo haikuwa na tobo. Nikaipapasa kwa ukucha: katikati laini, hakuna ufa wa kuonyesha kwamba mtu aliziba, maandishi yote mazima, rangi moja kote. “Hii ndiyo ndama wa sikio lililokunjika,” akasema kogo. “Walisahau kuitoboa huko huko ilikozaliwa. Angalia kwa kidole. Jicho lina njaa.”

(Ndiyo, huyo Kiprono ndiye babu yenu. Kogo alimwita akamsema mpaka masikio yake yakawa mekundu kama udongo wetu. Alirudi kuniposa akiwa ameshika adabu. Na kwa sababu chuma ilikuwa kazi yake, yeye ndiye aliyenifunza mengine.)

Sasa sikiza kilichonichemsha damu juzi.

Natoka kuchuma chai, nakuta kamba shingoni mwa mtamba wangu mweusi. Mtamba mwenye mimba! Maziwa yake ndiyo yanangojwa na mtoto ambaye mke wa Kibet, mjukuu wangu, amembeba sasa hivi. Kamba ameishika mwanamume wa viatu vya kung’aa, amekuja na boda kutoka Litein. Kibet anatabasamu kama amemeza jua.

“Kogo, tumeomoka! Angalia. Kosa la kiwanda cha pesa. Wazungu wananunua hizi kwa simu, nyumba nzima unajenga.”

Ilikuwa shilingi ishirini, ile ya pete ya rangi moja na moyo wa rangi nyingine. Moyo umegeuzwa: upande wa ngao ya nchi una kichwa, na upande wa kichwa una ngao. Nikatoa ishirini yangu ya kawaida kitambaani. Yangu, ukucha unapita juu ya kiungo kama juu ya kioo. Ya huyo bwana, ukucha ulikwama. Kulikuwa na mwanya, na ukingoni mwa moyo palibonyea mahali nyundo ilipogonga.

“Mama,” yule bwana akanicheka, “hizi ni mambo za kusoma. Wewe ulienda shule?”

“Sikuenda. Na huyu mtamba pia hakuenda, na bado hutamtoa hapa.”

“Kogo, utaniaibisha,” Kibet ananong’ona.

“Aibu unayo tayari, mimi naivua!” Nilipiga kelele mpaka wachumaji wa shamba la jirani wakasimama. “Pete na moyo huunganishwa kwanza, ndipo chapa huvigonga pamoja, juu na chini, kwa pigo moja. Sasa wewe bwana niambie, moyo uligeuka wapi? Uligeuka tumboni au uligeukia kwa nyundo yako?”

Nikaweka shilingi yake juu ya jiwe la kunolea panga, nikaigonga mara moja kwa mpini. Moyo ukaruka, ukabingirika, ukaanguka kwenye mavi ya ng’ombe.

“Okota mali yako,” nikamwambia.

Aliokota, mwanangu. Na viatu vyake vile. Kibet mwenyewe ndiye aliyefungua kamba, na hajaniangalia usoni hadi leo. Ataniangalia. Mtoto akizaliwa anywe maziwa, ataniangalia.

Bado nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijakwambia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tena kwa boda. Mtu akikuletea pesa ya ajabu, usiulize kwanza ni bei gani. Uliza: ingezaliwaje hivi? Chapa ikipasuka huko kiwandani, shilingi hutoka na mstari ulioinuka, kama mshipa wa mkono. Mkwaruzo huchimba ndani. Tupa la fundi huacha michirizi, nyundo hulaza maandishi, moto hubadilisha rangi. Hayo yote ni makovu, na kovu halina bei. Weka ya kawaida kando yake, papasa kwa ukucha, mchana, nje. Na hata ikiwa ya kweli, kama senti ya kogo ninayoitunza mpaka leo, usiitolee kitu kinachonyonyesha mtoto.

Njoo karibu sasa, nikutemee maziwa kifuani, ndiyo baraka ya kwetu. Mungu akupe zizi lenye kelele na kibuyu kisichokauka. Akupe kidole kisichodanganyika, na nyumbani kwako awepo siku zote mwanamke mmoja mkali.