Mwani wa Ghorofa ya Kumi na Nne

Sikuwa nimewahi kukasirika mbele za watu mpaka siku ile hoteli ilipotupa mwani wa mama.

Tulikuwa Dar es Salaam, ghorofa ya kumi na nne, chumba ambacho hata dirisha halifunguki. Mama aliitwa kwenye mkutano wa wakulima wa mwani, akaambiwa aje na mtu wa kumsaidia, nikaja mie. Kwetu, pwani ya Kiuyu, mwani wake ulikuwa unageuka mweupe, unalainika na kukatika kwenye kamba, msimu wa pili sasa. Alisikia mkutanoni atakuwapo mtaalamu wa maradhi ya mwani. Basi akakata shada moja lenye ugonjwa, akalitia kwenye ndoo ya mfuniko pamoja na maji ya bahari, na ndoo akaipakata njia nzima. Alitaka mtaalamu auone ungali hai. Ukishakauka, alisema, mgonjwa na mzima hufanana.

Chumbani aliona ndoo inaubana. Bafuni mlikuwa na sinki refu la kuogea, mtu mzima analala. Alilisuuza mara tatu kutoa sabuni, akaliziba, akamimina maji yetu ya bahari, akautandaza mwani tawi kwa tawi. Sisi wenyewe tulitawadha kwenye beseni dogo la kunawia.

Asubuhi, tukienda kunywa chai, nilitundika kadi mlangoni. Ilikuwa na upande mwekundu na upande wa kijani, maandishi yote ya Kiingereza. Nilijua upande mmoja lazima unasema watu wasiingie. Mpagazi alikuwa anapita, ningeweza kumwuliza. Niliona haya. Nikachagua kijani, kwa sababu wekundu niliuona kama ugomvi.

Tuliporudi, sinki lilikuwa linang'aa.

Mhudumu, msichana wa rika langu, alisema aliutia kwenye mfuko wa taka kwa kuwa ulinuka, na kadi ya kijani maana yake chumba kisafishwe. Alituomba radhi, akaenda kuuchukua mfuko. Mwani ulikuwa umelowa dawa ya kusafishia, umechanganyika na majani ya chai. Mama aliunusa, akaufunga tena.

"Nikiupeleka hivi watasema umeuliwa na sabuni."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Yule msichana alifanya kazi yake tu. Mie nilishindwa kufungua mdomo. Lakini hoteli ile imejengwa kwenye nchi yetu, shuka zake zinafuliwa na watu wetu, na haikuona haja ya kuandika maneno mawili ya Kiswahili kwenye kadi.

Mkutanoni mama alieleza kwa maneno na mikono jinsi weupe unavyoanza kwenye ncha na kushuka. Mtaalamu alisikiliza, kisha akauliza sampuli iko wapi. Mama akamsimulia.

"Kumbe mama uliupangia mwani chumba," alisema mtaalamu, na ukumbi mzima ukacheka.

Mama hakucheka. Alimwomba aje Kiuyu, maji yakitoka, bahari ikikupwa, aone mwenyewe. Akajibiwa kwamba bila sampuli safari haiwezi kupangwa, ajaribu kuleta nyengine mwakani.

Halafu wakataka picha. Mpiga picha alichukua shada la mwani mkavu, mzuri, lililokuwa limepamba meza ya mbele, akampa mama alishike na atabasamu. Mama akalishika. Ana adabu mno.

Niliinuka, nikapita katikati ya viti, nikalitoa shada mkononi mwake.

"Huu si wake. Wake umetupwa."

Sidhani kama wa nyuma walisikia.

"Dada, hii ni picha tu," alisema mpiga picha.

"Basi mpige mikono mitupu."

Hakumpiga. Aliita mama mwengine.

Ndani ya lifti mama aliniambia nimemtia aibu mbele ya wakubwa. Nikamwuliza wao walimtia nini. Akatazama namba zinavyopanda.

Maji ya kwanza kutoka baada ya kurudi, tulishuka pwani sote wawili. Weupe ulikuwa umefika safu ya mwisho. Tulizifungua kamba zote kwenye vigingi siku ile, moja moja, na mama hakutaja mwakani.