Kesi ya Macho Yaliyofumbwa

Juzi, katika hoteli moja karibu na Gakoromone, pasta aliketi na mkewe, wakili ambaye pia ni mwakilishi wa wadi yetu. Nyama ilipoletwa, pasta akafumba macho kuiombea.

“Baba, mguse mama watoto apike nyumbani, si kushinda tu kwa harambee.”

Mke naye, macho yamefumbwa: “Bwana, napinga. Jana alikula mukimo nyumbani akaongeza.”

“Baba, huo alipika mama yangu.”

“Basi Bwana, mamake aitwe, aeleze nani alimfunza kungoja kupikiwa.”

“Amina,” pasta akasema haraka.

Hoteli nzima tukaitikia. Mimi niliitikia kwa moyo wote, maana ombi lilinikuta na mfupa mdomoni, na pasta akiomba hakuna anayetafuna.