Honi ya Getini

Mume wangu hakuwahi kubeba ufunguo wa geti. Ufunguo ulikuwepo, umening'inia kwenye msumari kando ya jiko, lakini miaka yote tuliyoishi hapa Kawangware, upande huu unaoelekea Riruta, sikumbuki siku aliyotoka nao. Yeye alipiga honi. Honi moja fupi, akanyamaza kidogo, kisha nyingine fupi zaidi, kana kwamba anaomba radhi kwa ile ya kwanza. Nikiisikia naacha lolote nililoshika, najifuta mikono kwa leso, natoka kumfungulia. Akipita hushusha kioo na kuniuliza, "Bado hujaolewa?" Nami humjibu, "Bado natafuta." Utani huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko binti yetu, na haukumchekesha mtu mwingine yeyote duniani.

Alipoanza kuugua, gari liliacha kutoka. Alipofariki lilibaki kwenye banda la mabati alilolijenga mwenyewe ubavuni mwa nyumba, banda ambalo alisisitiza tuliite garaji. Ni gari dogo la mgongo wa duara, aina ile ambayo watu huita kobe, na lilikuwa zee hata siku ile alipolileta nyumbani akilisifu kama bibi harusi. Magurudumu yaliisha upepo, kutu ikaila milango kuanzia chini, na kuku wangu wakaamua kuwa kiti cha nyuma ni mahali pazuri pa kutagia. Niliwaachia. Angalau kuku walikuwa na shughuli humo ndani.

Wanunuzi wa vyuma kuukuu waliliona siku moja geti lilipokuwa wazi, na tangu siku hiyo mkokoteni wao ukawa unapunguza mwendo ukifika kwangu. Binti yetu, ambaye anafanya kazi ng'ambo na hunipigia simu kila Jumapili, alisema niwape walichukue. Shemeji yangu naye alikuja kutoka kijijini kwao, akalizunguka, akalipiga gurudumu teke, akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Kwamba mwenyewe hayupo, hilo nalijua kuliko yeye. Lakini lake lilikuwepo, limejaza banda zima na linanuka kinyesi cha kuku.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka karibu na steji ya matatu, na mchana kutwa sikosi watu. Huyu anataka sare ya mtoto ipunguzwe, yule anataka gauni la harusi lililomkataa tumboni lipanuliwe bila shemeji zake kujua. Shida yangu ilikuwa jioni, ile saa ambayo zamani ningekuwa nimetega sikio, maana niligundua kwamba bado nilikuwa nalitega. Jirani akipiga honi, mikono yangu inatafuta leso. Huku kwetu hakuna kimya. Kuna redio za wapangaji, pikipiki, mhubiri na spika yake, watoto wanaogombania mpira. Nilikaa katikati ya kelele zote hizo nikijua kuwa hakuna hata moja iliyokuwa inaniita mimi. Nilikuwa mpweke, na sioni haja ya kutafuta neno zuri zaidi.

Basi nitasema wazi nilichokitaka, kwa sababu wakati ule nilimficha kila mtu. Sikutaka gari la kuendesha. Sijui kuendesha, na sina hamu ya kujifunza. Nilitaka gari lile litoke, liende mahali, halafu lirudi na kupiga honi getini nami nikiwa jikoni. Mara moja tu. Baada ya hapo wenye mkokoteni walichukue wakitaka. Waliouliza niliwaambia natafuta mnunuzi, na gari linalotembea huuzika upesi kuliko bovu. Wakanisifu kwa akili ya biashara.

Fundi wa kwanza nilimtoa hapo hapo steji. Alifungua boneti, akakuta shimo lenye gurudumu la akiba na buibui, akaifunga polepole kama daktari anayemfunika mtu shuka.

"Mathe, pole sana," akasema. "Engine wamebeba."

"Nani amebeba?"

"Wezi. Wamefagia yote, hata waya hawajaacha."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya banda. Wiki nzima niliwashuku watu wasio na hatia: wapangaji wa nyuma, mwuza maji, hata shemeji na teke lake. Jumapili binti alipopiga simu nilimweleza nikilia, na akacheka hadi nikataka kukata.

"Mum, hizo gari engine huwa nyuma. Si nilikuwa nalia vile kiti kinanichoma mgongo?"

Sikuwa najua. Mimi nilikaa mbele kila mara, tena nikiwa nimevaa nguo za kanisani na nimeshika sufuria ya chakula cha kupeleka ugenini. Mume wangu aliliosha gari peke yake na kulirekebisha peke yake, mlango wa banda ameurudisha nusu, akipiga mluzi. Sehemu yangu katika gari lile ilikuwa geti. Hilo liliniuma kuliko habari ya wezi.

Mteja wangu mmoja anayekaa mtaa wa Ayany ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa pili, Mnubi wa makamo kutoka Makina, kule Kibera, mtu wa kofia ya kufuma na maneno mengi. Huyu alipoingia bandani alienda moja kwa moja nyuma, akainua kifuniko, akamfukuza kuku, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Iko, mama," akasema. "Imelala tu."

Nami, ili nisionekane mjinga mara ya pili, nikamuuliza maji ya radieta humwagwa wapi.

"Hii haikuangi na radieta. Inapozwa na upepo, kama chai kwa sahani." Akanitazama kwa huruma. "Nani alikuachia hii gari?"

"Mwenye kuipoza," nikamjibu. Alicheka, nami nikashangaa kwamba nimefanya mzaha bandani mle.

Alikuja siku alizopata vipuri, na vipuri vilikuwa vya kuwindwa. Vingi vilitoka kwa kobe mwingine aliyekufa nyuma ya nyumba fulani Kibera, ambaye wenyewe walikuwa wamemgeuza mahali pa kuanikia nguo. Mlango mmoja ulikuja hivyo, wa buluu, na ukiunusa bado una harufu ya sabuni. Fundi alitaka kuupaka rangi ya maziwa ufanane na mwili. Nikamwambia auache. Wakati mwingine alileta mikate myembamba ambayo kwao huitwa gurusa, iliyotoka kwa mke wake, akaila huku akinieleza ubaya wa magari ya siku hizi. Ijumaa aliondoka mapema kwenda kuswali na banda likawa kubwa mno kwangu.

Mimi kazi yangu ilikuwa msasa na viti. Kutu nilizoea kuisugua baada ya cherehani, hadi vumbi lake jekundu likaingia kwenye mistari ya viganja, na wateja wakaanza kuniuliza kama nimepaka hina. Kuhusu viti sikukubali mtu anisaidie. Fundi alipoona nilivyokata ngozi bandia na kuipinda kwenye kona bila kukunjamana, aliacha kuniita mama akaanza kuniita fundi. Nami nilikuwa namwita fundi tangu mwanzo. Mtu akisikiliza kutoka nje asingejua ni nani anamtengenezea nani.

Nilipokifumua kiti cha dereva, ndani ya makumbi nilikuta maganda ya njugu. Si mawili matatu. Yalikuwa yamejaa kwenye mshono wote, yamejikita hadi kwenye springi. Sasa, mume wangu nyumbani alikuwa mtu asiyekula njugu. Kila nilipokaanga alisukuma sahani kwangu na kusema, "Kula wewe, mimi hazinipandi." Miaka hiyo yote nilikula njugu peke yangu kwa imani hiyo, kumbe mwenzangu anazitafuna barabarani kimya kimya. Nilimkasirikia siku nzima. Nilimwambia maneno, kwa sauti, nikipiga kiti kwa mkasi. Kisha nikaona kwamba ni muda mrefu sijagombana na mtu, nikalia mpaka fundi akajifanya ana kitu cha kutafuta uvunguni mwa gari. Maganda niliyarudisha kiasi cha kiganja, nikashona juu yake.

Injini iliamka asubuhi moja ya mvua. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikashika ule mdundo wake wa cherehani mbovu ambao nilikuwa nimeusahau. Fundi alinipigia makofi kana kwamba ni mimi niliyeiwasha. Nilicheka naye. Ndani yangu nilikuwa na hofu, kwa sababu kazi ilikuwa inaelekea kuisha, na bila mtu wa kugonga nyundo bandani jioni zangu zingerudi zilivyokuwa.

Ikabaki honi. Haikutoa hata mguno. Fundi akaja na mpya, nyeusi, kubwa kama sahani, akisema wenye magari makubwa hawatamdharau kobe tena. Niliikataa. Nilimwambia nataka ile ile, hata kama ni kuitengeneza kwa kijiko.

"Hiyo imekufa, fundi. Imejaa tope."

Kweli ilijaa tope. Nyigu walikuwa wamejenga humo, chumba juu ya chumba kama nyumba za kupangisha. Akawabomolea, akasafisha, akafunga waya mpya. Ndipo nilipomwambia jambo ambalo baadaye nililijutia. Nilimwambia asiijaribu nikiwepo. Sikutaka kuisikia bandani, ikitoka mahali pasipo pake, kisha getini iwe imeshatumika. Lakini hayo sikumweleza. Nilisema tu, "Nitaenda sokoni. Ijaribu nikiwa nimetoka." Nilinunua sukuma wiki ambayo sikuihitaji na kuzunguka na mfuko hadi nilipohakikisha amemaliza. Aliniambia imelia vizuri. Nilimjibu, "Haya," nikaingia ndani.

Siku ya kulitoa, nilimwambia aende kwao Kibera, alionyeshe gari kwa wenye mlango wa buluu, apitie Ayany, arudi jioni. Nilimfungulia geti akatoka, na watoto wa mtaa wakalikimbilia kobe hadi kona. Nikafunga. Nilioga. Nilivaa leso safi. Niliteleka chai, nikaanza kukatakata ile sukuma wiki, maana zamani saa hiyo mikono yangu huwa na maji, na nilitaka kila kitu kiwe mahali pake. Nilijionea aibu kujiandaa kama msichana, na sikuacha.

Niliusikia mdundo ukikata kona. Ukakaribia, ukasimama nje. Nikashika ukingo wa sinki na kungoja.

Simu ikalia.

"Fundi, niko kwa geti," fundi akasema.

Ningeweza kuitupa simu ile ndani ya chai.

"Fundi? Nimefika."

"Kwa nini hupigi honi?"

"Si wewe hutaki kelele? Siku ile hata uliondoka. Nikaona nisikusumbue, nipige tu simu."

Heshima yake mwenyewe ndiyo iliyomponza, na ulimi wangu mzito. Nikamwambia, "Piga honi, fundi."

"Lakini nimekuambia niko hapa."

"Najua uko hapo. Piga."

Akaibana kwa kiganja kizima, ndefu, ya mtu anayemfukuza ng'ombe barabarani. Jirani akafungua dirisha. Nikasema kwenye simu, "Si hivyo. Fupi. Nyamaza kidogo. Halafu nyingine, fupi zaidi."

"Fupi zaidi?"

"Kama unaomba radhi."

Nilimsikia akivuta pumzi kwenye simu. Kisha honi ikalia, fupi, ikanyamaza, ikalia tena.

Sikumbuki kuiweka simu mezani. Nakumbuka leso mikononi, na ufunguo ukitoka kwenye msumari wenyewe, na miguu yangu ikijua kila jiwe la ule uwanja. Nilivuta komeo, nikaifungua milango yote miwili ya geti kama nilivyokuwa nikifanya. Kobe akaingia polepole. Jua la jioni lilikuwa kwenye kioo cha mbele, sikuona kitu nyuma yake. Kioo cha dereva kikashuka.

"Bado natafuta," nikasema.

Fundi akatoa kichwa dirishani, kofia yake imeinamia upande mmoja. "Watafuta nini, fundi?"

Nikamwambia aingize gari ndani, chai ilikuwa inapoa.