Mgonjwa Pekee Aliyepona Wilayani Kwetu

Kisa hiki hamtakiamini, na siwalaumu. Hata mimi, mwenye baiskeli inayopanda milima ya chai bila kuhema, nilikiamini kwa taabu.

Mpwa wangu Falesi, mshonaji wa pale sokoni, nsima, ugali wa kwetu, ilianza kumkwama kooni. Hospitali ya mjini wakamwambia ni saratani, arudi apasuliwe. Falesi hamung'unyi maneno: akamuuliza daktari, watu wa kwetu wenye ugonjwa huu wanapona wangapi? Daktari akasema takwimu za mjini anazo, za wilaya yetu ni kama hakuna. Waliofuatiliwa ni wachache, na aliyeandikwa yu hai baada ya miaka mitano ni mmoja tu: Nyakwawa Namputu, mkuu wa kijiji ng'ambo ya mto.

Mmoja. Falesi akarudi, usiku halali, mchana hashoni. Akasema hapasuliwi mpaka amwone mtu huyo kwa macho yake.

Nikampakia kwenye baiskeli, tukavuka mto. Tulimkuta Nyakwawa anakula, matonge yanashuka kama mawe kisimani. Falesi alipoona koo lile linavyofanya kazi, machozi yakamtoka. Akapiga magoti, akaomba aonyeshwe kovu.

"Kovu gani, dada?"

"La kupasuliwa koo."

Nyakwawa akaacha kula. Akaeleza polepole kwamba aliyeugua ni mjomba wake, walishamzika, naye ndiye aliyerithi kiti na jina. Watu wa takwimu walipopita kuuliza kama Nyakwawa Namputu yupo, kijiji kizima kilijibu yupo.

"Tungesemaje? Nyakwawa hafi."

Sikucheka, nami hucheka hata matangani. Njiani Falesi akanisimamisha, akakaa chini kando ya shamba la chai.

"Kwa hiyo, Mjomba, hakuna hata mmoja."

Nikamwambia, kwa akili zangu za darasa la tano, kwamba waliomhesabu maiti kuwa mzima huenda wamewakosa wazima wengine. Kwani kijijini kwetu nani aliwahi kuja kuuliza? Akasimama, akakung'uta vumbi. Kisha akasema nimpeleke mjini, woga wake atakwenda nao.

Naandika haya kando ya kitanda chake, naye anachungulia daftari; kesho anapasuliwa. Basi mpwa wangu akaingia hospitali kifua mbele, bila woga hata chembe, akitaniana na manesi, akawaambia simba jike wa milimani ame—

"Mjomba, futa hapo. Nilishika mkanda wako mlangoni nikakataa kuachia. Andika kwamba naogopa."