Mbuzi Aitwaye Kambale, Sehemu ya Pili

Hebu mtazame Emérence anavyoingia Beni asubuhi hii, nyuma ya pikipiki kutoka Butembo, vumbi mpaka kwenye nyusi, projekta ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mama mwenye mtoto. Kwenye kizuizi askari anamuuliza:

"Mama, ule mutoto mbona hapana lia?"

"Ni sinema, chef. Italia kama inapata courant ya umeme."

Askari anacheka, anampisha.

Emérence ni fundi cherehani, na filamu zake anazikata kwa mkasi. Vipande vya vitenge vinavyobaki anavilaza mezani, anavisogeza kidogo, anapiga picha kwa simu, anavisogeza tena. Hivyo ndivyo mbuzi wake anavyotembea. Katika filamu ya kwanza mbuzi huyo alikuwa wa mahari, na alitoroka kila harusi. Butembo nzima ilishika mbavu. Ila Emérence alikosea jambo moja: alimwita Kambale.

Ninyi mnajua, kwetu huku Butembo na Beni mtoto wa kiume wa pili ndiye Kambale. Nyumba gani haina Kambale? Nusu ya mji ikajiona kwenye kitambaa. Hata Papa Delphin, mwenye ukumbi ilikoonyeshwa, ni Kambale. Alipopeleka mahari ya mwanawe, wakwe walimpokea mlangoni kwa "Meee!"

Basi sehemu ya pili ilipokamilika, Papa Delphin akakaza uso.

"Badirisha jina, nakupatia salle. Kama hapana, onyesha kwa mbuzi ya kweli."

"Nimupatie jina gani, Papa?"

"Jina ya mutu mwenye hayiko!"

"Lakini Papa, mutu mwenye hayiko, nani atamucheka?"

Akabeba projekta yake, akaondoka. Majirani wakamsema: Beni? Kule waasi wanaua, watu wanalia, wewe unapeleka kicheko? Lakini alikuwa na Sofia, mfanyabiashara wa vitenge wa Beu, mtaa wa Beni, anayemwekea vipande. Sofia alifungua depo lake la vitenge mchana, maana usiku hakuna anayethubutu kutoka, akatundika shuka jeupe, madirisha akayaziba kwa turubai la lori la mumewe, Issaka. Hata hivyo alimvuta Emérence kando.

"Dada, huku tumezika akina Kambale wengi. Hauogope?"

"Naogopa. Funga mulango, tuanze."

Depo likajaa. Kwenye shuka, mbuzi akasimamishwa kwenye kizuizi.

"Jina?"

"Kambale."

Hakuna aliyecheka. Emérence akashika waya wa projekta auchomoe, akasita. Wakitoka hawa, hana mahali pengine pa kuonyesha. Lakini mtu asiyekuwepo, nani atamcheka? Akauachia waya.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya mzee aliyekimbia shamba lake la kakao kule Mangina, kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani:

"Présent!"

"Na mie, présent!" akaitika mwingine. Na mwingine. Halafu mama mmoja akasimama, mikono kiunoni.

"Kambale ya kwangu hayiko tena. Minaitika kwa ajili yake. Présent!"

Mbuzi, asiyejua lolote, akamjibu askari wa kitambaa: "Mie si mahari ya mutu. Minarudia kwetu, kwa miguu yangu nne!" Depo likalipuka. Walicheka huku wengine wakijifuta macho, wakadai kipande kile kirudiwe, kikarudiwa.

Watu walikuwa bado wanalia "Meee!" barabarani simu ilipoita. Habari za depo lililojaa zilikwishafika Butembo.

"Mwanangu," akasema Papa Delphin, sauti tamu, "salle ni yako siku ya yenga, batu bakitoka misa. Lakini umwite Kakule, jina ya mutoto wa nne. Bale ba nne hawana maneno."

"Papa, siku ya yenga Kambale anakuja na jina yake. Ukifunga, tutaonyesha kwa ukuta yako, inje, na batu ba Beni batakuja kuitika."

Kwenye simu zikasikika funguo za ukumbi zikigongana.

Sasa wewe unayesoma, hasa kama kwenu umezaliwa wa pili: funguo za ukumbi zingekuwa mkononi mwako, ungefungua?