Waranti ya Mtoto wa Dada

Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea. Blanketi la umeme, Garsen. Mji ambao watu hutoa mikeka nje kwa sababu ndani hakulaliki, halafu mtu mzima na akili zake anakwenda dukani kununua blanketi la kutia moto. Haya, mmeshacheka. Sasa sikilizeni, maana Kadii hakulinunua ili ajifunike.

Kadii alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, awe Mpokomo wa Idsowe au Msomali wa pale mjini, aliitwa Kadii amkande kiuno, mgongo na tumbo kwa nguo za moto mpaka arobaini ipite na mzazi asimame sawasawa. Wazee wenye baridi yabisi nao walimtuma mtu amwite, hasa mto ukifurika na unyevu ukaingia kwenye viungo. Hakuweka kibao popote wala kujitangaza. Mwanamke mmoja alimtaja kwa mwenzake, basi, kesho yake kuna mtu mlangoni. Alichokuwa nacho ni jina tu, na jina lenyewe lilikuwa safi.

Shida ilikuwa mikono. Ukikamua nguo zilizotoka kwenye maji yanayochemka miaka nenda miaka rudi, viganja vinachoka. Vyake vilianza kufa ganzi, kikombe cha chai kinamponyoka mbele za watu. Aliogopa. Alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa George.

George alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, Rebecca. Rebecca alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, Kadii akambeba, akamlea pamoja na wake bila kubagua, akamsomesha mpaka chuo cha ufundi. Sasa alikuwa na duka la vitu vya umeme karibu na steji: redio, feni, pasi, nyaya za kila aina. Alimsikiliza mama yake mdogo, akaingia nyuma, akarudi na blanketi jipya ndani ya mfuko wake. Akalitandaza kwenye kaunta, akachomeka plagi, akachukua mkono wa Kadii na kuuweka juu. Joto lilipanda polepole mpaka kwenye kiwiko. Kadii akafumba macho kwa raha.

"Unalitandika chini ya mzazi, unakanda," George alisema. "Hukamui tena kitu, mama mdogo. Na lina waranti ya mwaka mzima. Likisumbua, usihangaike kutafuta kampuni. Kampuni ni mimi."

Kampuni ni mimi. Jamani, ukiambiwa hivyo na mtoto uliyemlea mwenyewe, utadai karatasi gani tena? Kadii alilipa, hata hakuomba apunguziwe.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Wazazi walilisifu, ganzi ikapungua, Kadii akarudi kuimba akifanya kazi, jambo ambalo alikuwa ameacha. Kisha blanketi likaanza vituko. Upande mmoja unapoa kabisa, mwingine unawaka. Mara linajizima, mara linajiwasha. Kadii alilifunga vizuri akalipeleka dukani, maana si ana waranti. George hakulifungua hata mfuko.

"Hiyo ni stima ya Garsen," alisema. "Inapanda, inashuka, inachanganya mitambo. Blanketi halina neno. Endelea nalo tu."

Akaendelea nalo. Angeambiwa na fundi mwingine angeuliza mara mbili, lakini huyu alikuwa George.

Mzazi aliyefuata alikuwa Muslima, mke wa Diriye, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Nyumba ilikuwa chini ya mama mkwe wake, Hamdia, mwenye duka la nguo, mwanamke ambaye akikusifu mji mzima unakusifu, na akikununia vilevile. Kadii alimlaza Muslima juu ya blanketi, akageuka kupasha mafuta. Msichana alikuwa hoi kwa uchovu, usingizi ukampitia. Kadii alisikia harufu ya kitu kinachoungua, na kabla hajafika, Muslima alikwishapiga ukelele. Aliungua kiunoni, jeraha la upana wa kiganja.

Hamdia hakutukana. Ingekuwa afadhali atukane. Alichomoa plagi, akalikunja blanketi akampa Kadii mkononi, akamfungulia mlango. Tangu siku hiyo Garsen yote ikajua kwamba Kadii amemchoma mzazi. Waliokuwa wamemweka akiba kwa ajili ya binti zao wakakumbuka ghafla kwamba wana shangazi anayejua kukanda. Mwanamke mmoja alivuka barabara ili asimsalimu. Kadii alikuwa anapita ameinua uso, lakini moyoni alikuwa anakufa kwa aibu.

Alirudi dukani kwa George. Safari hii kijana hakubishana. Alifungua droo, akamrudishia pesa zake zote, akalichukua blanketi akalitupa nyuma.

"Waranti ni waranti," alisema. "Bovu lilikuwa hilo lako moja tu, mama mdogo. Lilitoka bovu kiwandani. Bahati mbaya."

"Pesa sawa," Kadii akamwambia. "Lakini mimi sikuja kwa ajili ya pesa. Nenda kwa Hamdia. Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi, kwamba lilikuwa bovu. Nikisema mimi nitaonekana najitetea. Wewe ni fundi, watakuamini."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Leo hii nikifunga duka."

Na kweli alikwenda. Kesho yake alimwambia amekwenda, wamekaa, wamezungumza, wamemwelewa vizuri. Kadii alimshukuru mpaka akamwombea Mungu amwongezee. Akangoja kuitwa. Hakuitwa. Akajiambia jeraha bado bichi, watu wapewe muda. Msimu wa mvua ukaingia, wazee wakaanza kulia na magoti yao, na bado mlangoni hapakuja mtu. Akawa anashinda shambani kupalilia mahindi, mikono ileile.

Aliyekuja hatimaye ni George. Mkewe, Hope, alikuwa amejifungua hospitali ya Hola na amerudi nyumbani, na nani mwingine wa kumkanda? Kadii alikwenda, alikwenda akifurahi kabisa. Makaa yalikuwa yamelowa mvua, jiko likawa linatoa moshi tu, na maji yamekaa tuli kwenye sufuria. Hope, ambaye alikuwa msichana mwema na hakujua lolote, akamgeukia mumewe.

"Si ulete moja ya zile blanketi za dukani? Umwonee mama huruma, mikono yake inauma."

"Hapana," George alisema, haraka mno. "Hizo hapana."

Kadii alikuwa amepiga magoti anapuliza jiko. Akaacha kupuliza.

"Kwa nini hapana? Si uliniambia bovu lilikuwa langu tu?"

George alitazama mlango. Hope akamtazama George.

"Zote ni mbovu," alisema mwishowe. "Watu wa Tarasaa walirudisha zao."

"Walirudisha kabla ya Muslima kuungua, au baada?"

"Mama mdogo, si nilikurudishia pesa?"

"Sikukuuliza pesa. Kabla au baada?"

"Kabla. Hata kabla hujaleta lako mara ya kwanza."

Kwa hiyo siku ile alipolipeleka dukani likiwa linajiwasha lenyewe, siku ile ya stima kupanda na kushuka, George alikuwa anajua. Alikuwa na mzigo dukani anataka uishe, na mtu akisikia kwamba hata Kadii amerudisha, nani angenunua? Ndivyo alivyojitetea mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayeeleza jambo la kawaida. Kadii alisubiri maji yachemke, akamkanda Hope vizuri kama anavyomkanda mtu yeyote, maana Hope hakuwa na kosa. Akasema atarudi jioni. Akajifunga leso, akaenda moja kwa moja kwa Hamdia.

Hamdia alimkaribisha akae, ila bila kutabasamu.

"Nimekuja kuhusu blanketi," Kadii alisema. "George alishakuja kukwambia lilikuwa bovu. Mimi sikujua kama—"

"Alikuja," Hamdia alisema. "Alikaa hapo ulipokaa. Alilipa dawa ya Muslima, aliomba msamaha sana. Alisema blanketi mbovu, kweli. Alisema amekuonya, mama usitumie, na wewe umekataa, umesema mikono inauma, utatumia tu." "Mimi blanketi sina hasira nayo. Hasira yangu ni wewe. Ulijua, ukamlaza mtoto wangu."

Kumbe ndiyo sababu. Kumbe kila aliyevuka barabara alivuka kwa ajili hiyo, na siri ya mikono ya Kadii, ambayo alimwambia mtu mmoja tu, ndiyo iliyofanya uongo ule uaminike.

Simu yake ikalia. Alikuwa George. Kadii alibonyeza kitufe cha spika, akaiweka simu kwenye mkeka, katikati yake na Hamdia.

"Mama mdogo," sauti ilisema, "Hope anauliza maji ya jioni tuyachemshe saa ngapi. Uko wapi?"

"Niko kwa Hamdia," Kadii alisema. "Hebu mwambie ulinionya lini."

Waliwasikia watoto wakicheza nyuma ya George, na pikipiki ikipita. Kisha simu ikakatika.

Hamdia akamwita Muslima alete chai. Kadii aliletewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, lakini hakuweza kunywa kwa kulia.