Siku Niliyowageuza Wazazi Kuwa Seli

Jamani, aibu hii nawasimulia nyie tu, tena mkicheka chekeni taratibu, maana mpaka leo nikipita soko la Kashaulili kuna wazazi wananikwepa wasije wakacheka mbele yangu.

Mimi nafundisha baiolojia, na ukuu wa idara ya sayansi nilikuwa naungoja kwa hamu zote, mpaka akaja Mwalimu Neema, binti mdogo, mgeni, na muhula haujaisha wanafunzi hawamwongelei mwingine. Siku moja aliwatoa kidato cha tatu uwanjani awaonyeshe jinsi kiinitete cha kuku, kinachoanza kama bapa dogo la seli, kinavyorefuka mpaka kupata mgongo: wanafunzi ndio seli, wanajipenyeza katikati ya wenzao, na kundi pana linageuka mstari mrefu. Nilichungulia dirishani wivu umenikaba (sikatai, ulikuwa wivu mtupu). Nikamuulize alivyofanya? Bora nilale njaa.

Basi siku ya wazazi nikajitolea kufundisha mimi, mkuu wa shule akiwepo, na ili nimfunike kabisa Neema nikawaita na wazazi waje wawe seli. Nikasimama katikati, nikawaambia wajipenyeze kuja kati, wasiogope kusukuma. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana huyu kaangalia madarasa, yule kaangalia lango, mama mmoja anamtafuta mwanawe, na baba mmoja mfugaji wa Usevya, aliyezoea kuingiza ng'ombe kwenye josho, akaja na bega lake lote, tukaanguka lundo moja, mimi chini kabisa, suruali ikachanika toka mkanda hadi gotini.

Neema akaja kuniinua, akaninong'oneza, "Mwalimu, nguvu wanazo. Hukuwaambia waelekee wapi."

Kisha akawageuza wote watazame bendera, wa pembeni waingie taratibu katikati ya wenzao, wa mbele na nyuma wawape nafasi, na lile lundo langu likarefuka likakaribia lango, yule mfugaji katulia kabisa. Mkuu wa shule hakungoja kikao, akamtangaza palepale kuwa mkuu wa idara, na mimi nikaitwa mbele nimpongeze kwa niaba ya walimu. Nilikwenda nimejifunga kanga ya mama wa watu.

Nimeapa sitamwiga tena mtu kwa kumchungulia, nitamfuata nimuulize. Juzi nilimuuliza Neema jambo, akanieleza vizuri, kwa heshima zote, nikaelewa, na roho ikaniuma zaidi.